Je, mwisho wa The Prestige unaiharibu filamu?

Mwalimu mmoja wa fasihi katika shule ya sekondari, ambaye pia analea kikundi cha wanafunzi wanaotazama na kujadili filamu, ameniandikia kuhusu The Prestige, filamu ya Christopher Nolan ya mwaka 2006 inayosimulia uhasama wa wanamazingaombwe wawili wa London. Anasema kwamba kwa karibu saa mbili filamu ilimzoesha kuamini kuwa nyuma ya kila muujiza wa jukwaani kuna kamba, mlango wa siri au mtu aliyefichwa. Kisha mwishoni ikamwambia kwamba mmoja wa mahasimu hao alikuwa na pacha, jambo analoliona rahisi mno, na kwamba mwingine alikuwa na mashine halisi ya kunakili binadamu, jambo analoliona kuwa ni kumdanganya mtazamaji. Kaka yake, aliyeitazama pamoja naye, anashikilia kwamba mashine hiyo haikuwahi kufanya kazi na kwamba habari zake zote ni uongo wa shajara. Mwalimu anataka kujua kama mwisho huo umeiharibu filamu, na kama awaoneshe wanafunzi wake filamu nzima au aikatishe kabla ya dakika za mwisho.

Mwalimu, marahaba, na asante kwa swali lililopangwa vizuri. Siwezi kulijibu bila kufichua kila kitu, kwa hiyo msomaji mwingine ambaye hajaitazama filamu hii na aitazame kwanza, kisha arudi.

Ugomvi wako na kaka yako, na ugomvi wa watu wengi kuhusu filamu hii, unatokana na kuuhesabu mwisho wake kama mgeuko mmoja wakati ni miwili, tena ya aina mbili tofauti kabisa. Siri ya Alfred Borden, kwamba yeye ni ndugu wawili wanaoishi maisha ya mtu mmoja, ni jibu la swali ambalo filamu imetuuliza tangu mwanzo. Mashine ya Robert Angier si jibu la swali lolote. Tukizipima hizi mbili kwa kipimo kimoja, mojawapo lazima itaonewa, na kwa kawaida inayoonewa ni mashine.

Nianze na mapacha. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri Mkatoliki wa Uingereza ambaye pia aliandika hadithi za upelelezi, alitunga kanuni kumi za kumtendea haki msomaji wa hadithi hizo. Kanuni ya kumi inasema kwamba pacha, na watu wanaofanana kwa jumla, wasitumike mpaka msomaji awe ameandaliwa ipasavyo. Knox hakuwakataza mapacha. Alichokataza ni kuwachomoa mfukoni dakika ya mwisho. Kwa hiyo swali la haki kuhusu Borden ni hili: je, tuliandaliwa?

Tazama tena mkono wake. Katika kiinimacho cha kudaka risasi, Angier, akiwa amejigeuza sura, anampiga Borden risasi halisi na kumkata vidole viwili. Muda fulani baadaye Sarah, mke wa Borden, anafungua bendeji na kushangaa kwamba kidonda kimerudi kuwa kibichi kana kwamba kimetokea jana. Onyesho hilo ni fupi, halina muziki wa kutisha, na mtazamaji wa mara ya kwanza analipita akidhani linahusu umaskini wao na gharama ya daktari. Ukilitazama ukiwa unaijua siri, unaelewa kwamba huu ni mkono wa mtu mwingine, na kwamba vidole hivi vimekatwa kwa makusudi, nyumbani, ili ndugu wawili waendelee kufanana. Sijui filamu nyingine ambayo imeweka ukatili mkubwa kiasi hicho mbele ya macho yetu, ikatuacha tuutazame bila kuuona.

Kisha kuna yule Fallon, fundi msaidizi wa Borden, mwenye ndevu na miwani, asiyesema karibu chochote. Yupo kila mahali. Angier anapotaka kumlazimisha Borden atoe siri yake, anamteka Fallon na kumzika akiwa hai, naye Borden anafukua udongo kama mtu anayejifukua mwenyewe. Kuna Sarah, anayemtazama mumewe machoni kila anapoambiwa kwamba anapendwa, na siku nyingine anajibu kwamba leo si kweli. Tunadhani ni mchezo wa mahaba, baadaye tunadhani ni dalili ya ndoa inayovunjika, kumbe mwanamke huyu ndiye mtu pekee katika filamu anayeiona siri waziwazi, ila hana jina la kuipa. Na kuna jibu la Borden alipoulizwa, kwenye mazishi ya mke wa Angier aliyezama katika tangi la maji jukwaani, alifunga fundo gani katika kamba ya marehemu. Akasema hajui. Jibu hilo lilisikika kama ukatili wa mtu asiyejali, lakini linaweza kuwa ukweli mtupu wa mtu ambaye hakuwapo jukwaani usiku ule.

Wewe unafundisha fasihi simulizi, kwa hiyo utanielewa nikisema kwamba mgeuko mzuri unafanya kazi kama kitendawili. Anayetega anasema nyumba yake haina mlango; anayeshindwa akitoa mji na kuambiwa kuwa ni yai, hasemi ameibiwa, kwa sababu akilirudia swali analikuta jibu limekaa ndani yake muda wote. Mapacha wa Borden wanapita kipimo hicho bila tabu.

Lalamiko lako la kwanza, hata hivyo, halikuwa kwamba hukuandaliwa. Ulisema jibu ni rahisi mno. Hapo ningekuomba umsikilize tena Cutter, yule fundi mzee wa vifaa vya mazingaombwe anayechezwa na Michael Caine. Angier anapotoka kukiona kwa mara ya kwanza kiinimacho cha Borden cha mtu anayeingia katika kabati moja na kutokea papo hapo katika kabati jingine upande wa pili wa jukwaa, Cutter hasiti hata kidogo: anatumia mtu anayefanana naye, hakuna njia nyingine. Jibu la swali kuu la filamu limetamkwa kwa sauti, na mtaalamu, mbele yetu, muda mrefu kabla ya mwisho. Angier ndiye anayelikataa. Analikataa kwa sababu ni rahisi mno, yaani kwa sababu ileile uliyonayo wewe. Filamu nzima inasimama juu ya kukataa huko: mtu anapewa ukweli wa kawaida, anaudharau, na kwa kuudharau anavuka bahari kwenda kutafuta jibu linalolingana na ukubwa wa wivu wake.

Wala jibu hilo si rahisi kwa anayeliishi. Mapema katika filamu vijana hawa wawili wanatumwa kumchunguza mwanamazingaombwe wa Kichina, mzee anayejikongoja, anayetokeza bakuli kubwa la maji lenye samaki kutoka chini ya kanzu yake. Borden anatambua papo hapo kwamba bakuli limebanwa katikati ya mapaja, na kwamba kujikongoja kwake barabarani, siku zote, mbele ya watu wote, ndicho kiinimacho chenyewe. Anasema kwa heshima kubwa kwamba huko ndiko kujitolea kwa ajili ya sanaa. Filamu inampa mzee huyo jina la Chung Ling Soo, na jina hilo ni la kweli. Lilikuwa jina la jukwaani la Mmarekani aliyeitwa William Robinson, ambaye alijifanya Mchina kwa miaka mingi, hakusema Kiingereza jukwaani, na alipohojiwa na waandishi wa habari alijibu kupitia mkalimani. Usiku wa tarehe 23 Machi 1918, katika ukumbi wa Wood Green Empire jijini London, bunduki ya kiinimacho chake cha kudaka risasi ilifyatua risasi kweli. Akapaza sauti kwa Kiingereza kuomba pazia lishushwe, na kesho yake akafa. Filamu haisimulii kifo hicho, lakini yeyote anayeijua historia hiyo anaelewa kwa nini jina hilo limewekwa hapo, katika hadithi ambamo kudaka risasi kunamgharimu Borden vidole. Mtu aliyeishi uongo mmoja usiku na mchana kwa miaka mingi hakubuniwa na waandishi wa filamu. Alikuwapo.

Basi kuhusu mapacha jibu langu halina mashaka: mgeuko huo hauiharibu filamu, na bila huo filamu isingekuwapo.

Mashine ni kesi ngumu zaidi, na sitaki kuipunguza uzito. Kanuni nyingine za Knox zinakataza nguvu zisizo za kawaida, na zinakataza pia kifaa chochote kinachohitaji maelezo marefu ya kisayansi mwishoni. Zaidi ya miaka elfu mbili kabla yake, Aristotle alisema katika Poetics kwamba mambo ya tamthilia yawe ya kushtua lakini yazaliwe na yaliyotangulia, na akaikosoa Medea ya Euripides kwa sababu ufumbuzi wake unashushwa kwa mashine ya jukwaani badala ya kutoka ndani ya msuko. Na Roger Ebert, mhakiki mashuhuri wa Chicago, aliposifu mengi katika The Prestige alitoa lalamiko linalokaribiana na lako: kwamba filamu inafeli pale inapodanganya, kama vile mwanamazingaombwe amkate mwanamke vipande viwili kisha atutolee mwanamke mwingine mzima. Huwezi kuwapuuza watu hawa kwa kusema tu kwamba filamu ni tamu. Kama mkataba kati ya msimulizi na mtazamaji ni kwamba kila kitu kina ujanja wa kibinadamu nyuma yake, na mkataba huo ukavunjwa, mtazamaji ana haki ya kukasirika.

Ila mimi nakataa kwamba huo ndio uliokuwa mkataba. Picha ya kwanza kabisa ya filamu, kabla hatujamwona mtu yeyote, ni kofia nyingi zinazofanana zimetapakaa ardhini msituni, huku sauti ya Borden ikituuliza kama tunatazama kwa makini. Ni nakala zilizotoka katika mashine. Dakika chache baadaye tunamwona Angier akiwasili Colorado Springs kumtafuta Nikola Tesla. Huyu naye ni mtu wa historia: mwaka 1899 Tesla alijenga maabara huko Colorado Springs na kufanya majaribio ya kusafirisha nguvu za umeme bila waya. Katika filamu, ambamo anachezwa na David Bowie, tunaona taa zilizochomekwa ardhini zikiwaka bila waya wowote, tunaona paka na kofia vikiwekwa katika mashine, na tunaona paka wawili wanaofanana pale ambapo palipaswa kuwa na mmoja. Yote hayo yanakuja kabla ya sehemu ya mwisho. Filamu ina urefu wa dakika 130, na mtazamaji makini anakuwa ameshajua mashine inafanya nini kabla Angier hajaipandisha jukwaani London. Kinachofichuliwa mwishoni ni matumizi yake: kwamba kila usiku mtu mmoja aliangukia tangini chini ya jukwaa na kuzama, na mwingine akatokea kwenye roshani kupokea makofi.

Nakubali hapa kuna tofauti moja ambayo watetezi wa filamu huikwepa. Kidonda cha Borden unaweza kukifasiri mwenyewe mara ya kwanza ukiwa na jicho kali. Kofia za msituni hakuna anayeweza kuzifasiri mara ya kwanza, hata awe mtaalamu wa namna gani. Ni kidokezo kinachogeuka kuwa cha haki baada ya tukio tu. Kama mashine ingekuwa ndiyo siri ya Borden, kama baada ya saa mbili za kuuliza anafanyaje tungejibiwa kwamba ana sanduku la umeme, ningekuunga mkono bila kusita na ningesema filamu imejiua yenyewe. Lakini swali la filamu linajibiwa kwa pacha, kwa ujanja mkongwe wa kibinadamu, na mashine haichukui nafasi hiyo wakati wowote. Angier anakwenda Colorado akiamini kwamba Tesla ndiye aliyemtengenezea Borden siri yake, na imani hiyo ni mtego aliotegewa na Borden kupitia shajara. Amedanganywa. Kwamba safari iliyoanzishwa na uongo inaishia kwa kifaa kinachofanya kazi kweli ndilo jambo la kutisha zaidi katika hadithi hii: alitafuta kitu ambacho hakikuwapo, akakipata.

Kuna onyesho dogo ambalo naliona ndilo ufunguo wa suala hili lote. Angier, baada ya kurudi London, anamwonesha mwenye ukumbi kiinimacho chake kipya. Mzee yule ameona mazingaombwe maisha yake yote. Anatazama, ananyamaza, halafu anasema kwamba ni nadra sana kuona muujiza wa kweli, na papo hapo anamshauri Angier akipambe, akifiche kidogo, awape watazamaji sababu ya kutia shaka. Fikiri maana ya ushauri huo. Muujiza wa kweli hauuziki. Ili watu waufurahie lazima ufanane na ujanja. Filamu imeitambua hoja yako na kuitamka yenyewe kupitia mtu mwenye busara kuliko wote waliomo: tunataka kudanganywa na binadamu mwenzetu, na tukioneshwa kitu kisicho na udanganyifu tunapoteza kitu fulani. Unapoona kwamba mashine imeharibu mchezo wa mazingaombwe, unahisi kile kilichokusudiwa. Angier ameuharibu mchezo. Amewashinda mahasimu wake kwa kuacha kuwa mwanamazingaombwe.

Christopher Priest, ambaye riwaya yake ya mwaka 1995 ndiyo iliyozaa filamu, alikuwa nayo mashine ya Tesla, lakini ndugu Jonathan na Christopher Nolan walipoandika mswada walifanya badiliko moja ambalo naliona la kijasiri. Katika riwaya, kinachobaki nyuma baada ya mtu kusafirishwa ni mwili usio na uhai. Katika filamu kinachobaki ni mtu mzima, hai, mwenye kumbukumbu zilezile na hofu ileile ya maji. Kwa hiyo ili kiinimacho kikamilike lazima mtu auawe, kila usiku, katika mfululizo wa maonesho uliotangazwa kuwa mia moja. Na Angier anakiri mwishoni kwamba kila alipopanda katika mashine hakujua kama yeye ndiye atakayetokea kwenye roshani au ndiye atakayezama. Ukiiondoa mashine kwa jina la haki ya kimsuko, unaondoa pia gharama hiyo, na Borden anabaki peke yake kama mtu aliyelipa sana kwa ajili ya sanaa. Filamu inahitaji mizani yenye pande mbili: mmoja aliyegawana maisha yake na ndugu, mwingine aliyeyazidisha maisha yake na kuyaua. Sisi tuliokulia kwenye filamu za steringi na adui tunapata tabu hapa, maana hadi mwisho hatupewi ruhusa ya kuamua nani ni nani.

Kama bado una shaka kwamba mapacha na mashine ni sehemu za hadithi moja, rudi kwenye onyesho la ndege, mapema kabisa. Ukumbini yumo mvulana mdogo, mpwa wa Sarah. Mwanamazingaombwe anaweka ndege katika tundu, anafunika kwa kitambaa, anapiga kofi, tundu linabonyea na kutoweka, kisha ndege anatokea mkononi akiwa mzima. Ukumbi unashangilia, mvulana analia, anasema amemuua. Borden anamwonesha ndege aliye hai, na mtoto anauliza: ndugu yake yuko wapi? Kweli, ndege wa kwanza amepondwa ndani ya tundu. Katika swali hilo moja la mtoto zimo siri zote mbili za filamu. Borden ana ndugu. Na Angier, kila usiku, anamponda ndege mmoja ili watu wamshangilie mwingine. Hadithi iliyoweza kufunga migeuko yake miwili katika sentensi ya mtoto, zaidi ya saa moja na nusu kabla haijafumbuliwa, haijamdanganya mtazamaji wake.

Sasa nimgeukie kaka yako. Nadharia kwamba mashine haikufanya kazi ina watetezi wengi na si ya kipuuzi. Hoja yake ni kwamba sehemu kubwa ya habari za Colorado tunazipata kupitia shajara ya Angier, ambayo Borden anaisoma gerezani, na shajara hiyo iliandikwa ili kumtesa msomaji wake, kama vile shajara ya Borden ilivyoandikwa ili kumpoteza Angier. Mashahidi wawili, wote waongo. Kwa nini tuwaamini? Aidha tunajua Angier aliwahi kumtumia Root, mlevi mmoja aliyefanana naye, kwa hiyo mtu wa kutokea kwenye roshani hakuwa jambo gumu kumpata.

Nadharia hiyo inavunjika kwenye picha ya mwisho. Katika ghala lenye safu za matangi, tunaoneshwa mtu aliyezama mwenye sura ya Angier, na picha hiyo haimo katika shajara ya mtu yeyote. Ni kamera yenyewe inayosema. Matangi yale ni mengi, na Root alikuwa mmoja. Tena maneno ya Angier kuhusu kutojua kama angekuwa mtu wa tangini au wa roshani anayatoa akiwa anakufa kwa risasi, mbele ya mtu ambaye hana tena sababu ya kumdanganya. Lakini mbali na ushahidi, naipinga nadharia hiyo kwa sababu inafanya kosa lilelile la Angier kwa upande wa pili. Yeye alikataa jibu kwa kuwa lilikuwa rahisi. Kaka yako analikataa kwa kuwa ni gumu kulimeza. Wote wawili wanataka siri iwe kubwa kuliko kilichofanywa kwa siri hiyo. Borden mwenyewe anamwambia yule mvulana, akimfundisha kiinimacho cha sarafu, kwamba siri haimshangazi mtu yeyote, na kwamba thamani yote iko katika kile unachokitenda kwa kuitumia.

Hivyo unauliza kama hakuna kasoro yoyote mwishoni. Ipo, ila mimi naiona mahali pengine. Filamu inapofika kwenye ufumbuzi, haiwaamini watazamaji wake. Ndugu aliyebaki anaeleza kwa maneno jinsi walivyobadilishana nafasi, na wakati huohuo mbinu rejeshi inatupitisha katika kila kidokezo: ndevu za Fallon zikivuliwa, patasi ikiwekwa kwenye vidole, tukio baada ya tukio. Mtazamaji aliyekuwa anakaribia kuunganisha vidole na kidonda peke yake ananyang'anywa furaha hiyo. Kwa filamu inayotuuliza katika sentensi yake ya kwanza kama tunatazama kwa makini, kutuonesha tena kila tulichotazama ni kutotuheshimu. Ningependa onyesho la patasi liachwe nje kabisa. Kidonda kibichi katika mikono ya Sarah kilikuwa kimetosha.

Na Sarah mwenyewe ndiye gharama ambayo filamu haikuilipa. Anajinyonga kwa sababu ameolewa na watu wawili, mmoja anayempenda na mwingine asiyempenda, na hakuna aliyemwambia. Huo ni msiba mkubwa kuliko uhasama wote wa wanaume wale. Lakini siri inapofumbuliwa, kifo chake kinatajwa kama sehemu ya hesabu kati ya ndugu wawili, nani alimpenda Sarah na nani alimpenda Olivia, yule msaidizi wa jukwaani aliyekuwa mpenzi wa Borden, kisha tunarudi kwa Angier na hotuba yake kuhusu nyuso za watazamaji wanaoshangaa. Rebecca Hall ameigiza kwa namna ambayo ukiitazama filamu mara ya pili, yeye ndiye mhusika wake mkuu. Dakika za mwisho hazilijui hilo. Kama kuna mahali ambapo mgeuko umeijeruhi filamu, ni hapo: siri ililindwa kwa uangalifu mkubwa hadi mtu aliyeumizwa nayo zaidi akabaki kuwa kidokezo.

Kuhusu wanafunzi wako, usiikatishe filamu kabla ya mwisho. Ukifanya hivyo utawapa swali lisilo na jibu na watalitafuta wenyewe kwenye simu usiku uleule, tena kwa muhtasari mbovu. Kama kikundi kina vipindi viwili, simamisha mara tu baada ya mwenye ukumbi kumwambia Angier akifiche kidogo kiinimacho chake. Kufikia hapo wameshaona kofia, paka, kidonda, Fallon na ndege wa yule mvulana, na hawajaambiwa lolote kuhusu pacha wala matangi. Waandike, kila mmoja kivyake, Borden anafanyaje na kwa nini Angier hakuridhika na maneno ya Cutter. Kipindi cha pili wamalizie filamu, halafu uwarudishie karatasi zao na uwaulize walikosea kwa kukosa ushahidi au kwa kuudharau. Ukipata nafasi ya tatu, waoneshe matukio ya Sarah peke yake, yakifuatana, kuanzia siku Borden anapomfuata hadi kwake mpaka mwisho wake, bila kitu kingine katikati. Na kaka yako umwalike siku hiyo.